Kuelewa Karatasi ya Kipimo cha Kusikia

Mtu aliyepimwa masikio hurudi nyumbani na karatasi yenye mistari mingi iliyopitana, alama nyekundu na alama za buluu. Wengi huikunja, huitia ndani ya Biblia au kitabu cha nyimbo, wala hawaitazami tena. Jirani akiuliza, "Daktari alisema nini?" hujibu, "Alisema masikio yangu yameharibika." Hilo ni jibu fupi mno. Karatasi ile inaonyesha ni sikio gani lenye shida, na shida ni kubwa kiasi gani. Tena inaonyesha neno lililo kubwa kuliko hayo: shida iko mahali gani ndani ya sikio.

Maana kutosikia si ugonjwa mmoja. Kuna uziwi ambao dawa au upasuaji huweza kuuondoa. Kuna uziwi mwingine ambao hakuna dawa ya kuuondoa, ingawa msaada wa namna nyingine upo. Mtu asiyejua tofauti hii aweza kuuza mbuzi wake wote na kununua matone kwa ajili ya sikio lisiloponywa na matone. Na mwenzake aweza kukaa miaka 20 bila kusikia vema kwa sababu ya nta ambayo mwuguzi angeiondoa asubuhi moja.

Twaandika hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Masisi na Walikale. Wao husafiri mbali sana, hata Goma au Bukavu, ili kumwona daktari wa masikio, pua na koo, ambaye wengi humwita kwa herufi O.R.L. Tangu mwaka 1993, mapigano yalipoanza katika soko la Ntoto, watu wa pande hizo wamekimbia makwao mara nyingi, na watoto wengi wamekosa chanjo. Milio ya bunduki na mabomu nayo imeharibu masikio. Tena kutosikia huko ni hatari kuliko mahali pengine. Mtu akiamriwa kusimama penye bariere, naye asisikie, akaendelea kutembea, huhesabiwa kuwa mkaidi au adui. Mwenye uziwi asitembee peke yake katika njia za namna hiyo, na anayefuatana naye atangulie kusema habari zake.

Sikio limeumbwa namna gani

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia katika tundu la sikio na kupiga kiwambo chembamba kilicho mwisho wa tundu, kilichokazwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3 tu. Vifupa hivi hupeleka mtikisiko mpaka sikio la ndani, lililofanana na gamba la konokono na kujaa maji. Humo mna vijinywele vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, navyo hugeuza mtikisiko kuwa habari. Mshipa wa fahamu huichukua habari hiyo mpaka ubongo. Kwa kweli ni ubongo unaosikia. Sikio ni mjumbe wake.

Fikiri habari za lori la chakula litokalo Masisi kwenda Goma. Sokoni kukikosekana viazi na maharagwe, sababu yaweza kuwa mojawapo ya mbili. Pengine lori limezama katika matope kabla ya kufika Sake. Basi njia ikitengenezwa, chakula kitafika. Au pengine lori limefika salama, lakini hakuna mtu wa kupokea mizigo, na hata ukituma malori kumi haitafaa. Ndivyo ilivyo kwa sikio. Shida ikiwa katika tundu, au katika kiwambo, au katika vile vifupa, tutauita uziwi wa njia. Ikiwa katika vijinywele au katika mshipa wa fahamu, tutauita uziwi wa ndani. Zikiwako zote mbili pamoja, ni uziwi wa mchanganyiko.

Vijinywele vya mwanadamu vikifa havioti tena. Kila sikio lilipewa kama 15,000 tu tangu kuzaliwa, na hizo ndizo za maisha yote.

Kipimo chenyewe

Kipimo hakiumi. Mtu huketi katika chumba kimya, naye huvikwa vidude viwili vya kusikilizia, kama vile wavaavyo watu wasikilizao redio. Kwanza hupimwa sikio moja, halafu la pili. Fundi hutoa sauti, mara nene, mara nyembamba, na kuipunguza mpaka mgonjwa asiisikie tena. Kila asikiapo, hata ikiwa kidogo kama mbu aliye mbali, mgonjwa huinua mkono au hubonyeza kidude. Wengine hungoja mpaka sauti iwe wazi kabisa ndipo wainue mkono. Karatasi yao huonyesha uziwi mkubwa kuliko walio nao. Wala usikisie ili kumpendeza fundi.

Baadaye fundi huweka kidude kingine juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio. Hiki hutikisa mfupa wa kichwa, na mtikisiko hufika katika sikio la ndani pasipo kupita tundu, wala kiwambo, wala vile vifupa vitatu. Hapo ndipo ilipo siri ya kipimo chote. Kwa njia ya hewa twapima sikio zima, tangu nje hata ndani. Kwa njia ya mfupa twapima sikio la ndani peke yake. Tukilinganisha hayo mawili, twajua kama matope yako njiani au mpokeaji ndiye asiyekuwako.

Pengine fundi atatia mvumo kama wa mvua katika sikio lako zima, wakati apimapo lile bovu. Usikasirike ukidhani anakuzuia kusikia. Sauti yenye nguvu huvuka kichwa, na sikio zima laweza kuijibia sikio lililokufa. Matubwitubwi, kwa mfano, huweza kuua sikio moja kabisa na kuliacha la pili. Mtu wa namna hiyo akipimwa pasipo mvumo, karatasi yake haitasema kweli.

Neno moja juu ya mvua ya kweli. Mvua ikipiga mabati, ni heri kungoja ikome. Kelele za nje huficha hasa sauti nene, nazo huonekana katika karatasi kana kwamba hazisikiwi. Kama ulipimwa katika kelele, iwe ya mvua au ya jenereta, ni halali kabisa kuomba kupimwa tena.

Kusoma karatasi

Waganga huiita odiogramu. Tazama kwanza namba zilizo juu, toka kushoto kwenda kulia: 250, 500, 1000, 2000, 4000, 8000. Hizi ni hezi, yaani hesabu ya mitikisiko katika sekunde moja. Upande wa kushoto ni sauti nene, kama ya mtu wa besi katika kwaya, au ya lori lipandalo mlima. Upande wa kulia ni sauti nyembamba, kama ya nyenje wa usiku.

Namba zilizo ubavuni, zinazoshuka toka juu hata chini, ni desibeli, yaani nguvu ya sauti. Hapa watu wengi hupotea, maana huzisoma kama alama za shule. Mtu akiona 60 hufurahi, akidhani amefaulu! Sivyo. Namba hii ndiyo nguvu iliyohitajiwa ili usikie kwa shida. Kadiri alama inavyoshuka chini, ndivyo kusikia kulivyo kubaya. Wala 60 si 60 katika mia. Kila desibeli 10 zikiongezwa, nguvu ya sauti huwa mara 10. Kwa hiyo aliye penye 60 anahitaji sauti yenye nguvu mara 1000 kuliko aliye penye 30. Na sifuri si kimya. Ni sauti ndogo kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima huweza kuisikia. Wengine husikia hata chini ya hapo.

Duara nyekundu ni sikio la kulia, na msalaba wa buluu ni la kushoto. Ikiwa karatasi yako imenakiliwa kwa wino mweusi, fuata umbo badala ya rangi. Alama zilizo kama mabano au ncha ya mshale, zilizoandikwa kando, ni zile za kipimo cha mfupa. Na kama chini ya alama kuna mshale unaoelekea chini, maana yake mashini ilifikishwa mwisho wa nguvu zake katika sauti ile, na mgonjwa hakusikia.

Ili kupata jina la uziwi, waganga hujumlisha namba nne, za 500, 1000, 2000 na 4000, na kuzigawa kwa 4. Katika taarifa yake ya mwaka 2021, Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka mipaka hii: chini ya 20 ni kusikia kuzuri. Toka 20 mpaka kabla ya 35 ni uziwi mdogo. Toka 35 mpaka kabla ya 50 ni wa kadiri, na toka hapo mpaka kabla ya 65 ni wa kadiri uliozidi. Toka 65 mpaka kabla ya 80 ni mkubwa, kisha mpaka kabla ya 95 ni mkubwa sana. Tangu 95 ni uziwi kamili. Karatasi za zamani zilihesabu hata 25 kuwa kuzuri, basi usishangae jina likibadilika na namba ni zile zile.

Karatasi mbili

Tuseme mama mmoja amekuja naye ana usaha katika sikio la kulia tangu utoto. Kwa njia ya hewa namba zake ni 50, 45, 40 na 45. Jumla ni 180, na ikigawanywa kwa 4 ni 45. Uziwi wa kadiri. Lakini kwa njia ya mfupa namba zake ni 10, 5, 10 na 10. Tazama nafasi kati ya mistari miwili! Sikio la ndani ni zima kabisa. Njia ndiyo iliyoharibika. Nafasi hii ikizidi desibeli 10 au 15, waganga huihesabu. Huu ni uziwi wa njia, na mama huyu ana tumaini kubwa. Sikio likikaushwa na kutibiwa, na kiwambo kilichotoboka kikishonwa na daktari ajuaye kazi hiyo, aweza kusikia vema tena.

Sasa tuseme baba mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika machimbo, kama yale ya Bisie katika Walikale, ambako watu walianza kuchimba madini kwa mikono mwaka 2002, au ya Rubaya katika Masisi. Siku zote alikuwa karibu na nyundo za kuvunja mawe, mashini za kusaga na jenereta. Namba zake ni 15, 20, 30 na 65, na katika 8000 anarudi kwenye 45. Za mfupa ni sawasawa na za hewa, hakuna nafasi kati yake. Huu ni uziwi wa ndani. Shimo lile penye 4000 ni alama ya kelele; waganga waionapo huuliza mara moja, "Kazi yako ni nini?" au, "Bunduki ililia karibu nawe?"

Lakini angalia hesabu. Jumla yake ni 130, na ikigawanywa kwa 4 ni 32 na nusu. Karatasi itaandikwa "uziwi mdogo." Mkewe atasoma hayo na kusema, "Kumbe anasikia, ila hataki!" Hapa jina limeficha kweli. Baba huyu husikia sauti nene vema, hata anapotajwa jina lake. Asichosikia ni zile herufi nyembamba za s, f, sh, ch, t na k, zinazotenga neno na neno. "Fika," "shika," na "pika" kwake ni neno moja. Atasikia ya kuwa unasema, asijue unasema nini. Na penye watu wengi, kama sokoni au baada ya ibada, hupotea kabisa. Kwa hiyo usisome jina la uziwi peke yake. Soma umbo la mstari. Ni jambo la kusikitisha ya kuwa nyumba nyingi zimeingia ugomvi kwa sababu ya mstari unaoshuka upande wa kulia.

Wazee nao hupata mstari wa namna hii, ila kwao huendelea kushuka mpaka 8000 pasipo kurudi juu. Mzee mwenye mstari huo, ambaye pia ana usaha wa zamani, huwa na uziwi wa mchanganyiko: alama za mfupa zimeshuka, na za hewa zimeshuka zaidi. Huyu hutibiwa ile sehemu ya njia, naye hubaki na ile ya ndani.

Waweza kupewa karatasi ya pili, ndogo, yenye mstari kama mlima. Hii si kipimo cha kusikia. Inaonyesha kama kiwambo hucheza. Mlima ukisimama katikati, kiwambo hucheza vizuri. Ukisogea upande wa kushoto, ule mfereji utokao kooni kwenda sikioni haupitishi hewa vema, jambo la kawaida kwa watoto wenye mafua. Pasipo mlima wowote, pameziba, au pana maji nyuma ya kiwambo, au kiwambo kina tundu.

Mahali pasipo mashini

Katika vituo vya afya vingi vya msituni hakuna mashini ya namna hii. Lakini mwuguzi mwenye chuma cha mlio, kilicho na meno mawili kama uma, aweza kujua mengi. Hukigonga, hushikiza mpini wake nyuma ya sikio, kisha huleta meno mbele ya tundu, na kuuliza ni wapi kunakosikika zaidi. Mwenye sikio zima husikia zaidi mbele ya tundu, na mwenye uziwi wa ndani kwa kawaida vivyo hivyo. Mwenye uziwi wa njia husikia zaidi mfupani. Kisha mpini huwekwa katikati ya paji la uso. Mwenye uziwi wa njia upande mmoja husikia mlio katika lile sikio bovu, jambo linalowashangaza wengi. Mwenye uziwi wa ndani huusikia katika sikio zima. Adolf Rinne, Mjerumani, alieleza kipimo cha kwanza mwaka 1855, nacho kingali kikitumika, maana hakihitaji umeme.

Hata nyumbani waweza kujaribu. Simama nyuma ya mtu, mbali naye kwa urefu wa mkono, umsugue sikio moja kidogo kwa kidole, nawe unong'one maneno matatu. Asipoweza kuyarudia, na apelekwe.

Yanayofaa kufanywa

Kwa uziwi wa njia, tibu njia. Nta na itolewe na mwuguzi, si kwa njiti ya kibiriti wala kwa unyoya wa kuku, vitu ambavyo huisukuma ndani na kutoboa kiwambo. Mtoto akitia haragwe au punje ya mahindi sikioni, usitie maji, maana itavimba na kukaza. Sikio litokalo usaha zaidi ya majuma mawili halihitaji mafuta ya kupikia, wala maji ya majani, wala mkojo. Linahitaji kukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara kadhaa kila siku, na matone yaliyoagizwa na mwuguzi aliyelitazama. Usinunue matone yoyote sokoni, kwa sababu mengine yakipita katika kiwambo kilichotoboka huweza kuua vijinywele, na uziwi wa njia ukageuka kuwa wa ndani. Nyuma ya sikio pakivimba, au mdomo ukienda upande, au shingo ikikauka pamoja na homa, huo ni usaha uliopita mipaka. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Kiwambo huweza kupasuka kwa bomu, na pia kwa kofi. Tumewaona watoto waliopigwa sikioni na wakubwa wao. Mara nyingi tundu hilo hujifunga lenyewe katika majuma machache au miezi miwili, mitatu, maji yakizuiwa yasiingie. Anayetaka kumwonya mtoto na aache kichwa chake.

Kwa uziwi wa ndani, acha kutafuta matone. Kinachosaidia ni mashini ndogo ya kukuza sauti, inayovaliwa sikioni, na desturi njema za kusema. Msemee mtu huyu uso kwa uso, mwanga ukiwa juu ya uso wako, polepole, wala usipige kelele. Kelele haimwongezei herufi asizosikia, tena humwumiza. Lakini kuna uziwi mmoja wa ndani usiongojewa. Ukiamka asubuhi, sikio moja halisikii kabisa, na hakuna nta wala mafua, nenda upesi. Kuna dawa iwezayo kusaidia ikianzwa katika siku za kwanza. Majuma yakipita haifai kitu.

Tena vijinywele vilivyobaki na vilindwe. Shirika la Afya Ulimwenguni husema ya kuwa sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 katika juma, lakini ya 90 saa 4 tu, na ya 100 dakika 20 tu. Hapa na tuseme wazi juu ya makanisa yetu. Vipaza sauti viwili vikubwa ndani ya nyumba ya mbao, kwaya nne na kinanda cha umeme, na watoto wameketishwa mbele kabisa: tunaharibu masikio ya watoto Jumapili kwa Jumapili. Mchungaji apunguze sauti, na watoto waketi nyuma.

Habari za mtoto

Kwa mtoto shida ni kubwa zaidi, kwa sababu lugha hujengwa katika ubongo miaka ya kwanza. Mtoto asiyesikia hasemi, na watu husema amerogwa, au ni mjinga. Surua, homa ya uti wa mgongo, kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga, na uziwi wa ukoo, yote huweza kuwa sababu. Surua iliyoenea Kongo tangu 2018 hata 2020 iliua watu zaidi ya 6,000, na wengine waliopona wamebaki na masikio mabaya. Chanjo yake ni kinga ya masikio pia.

Mtoto mchanga hupimwa kwa mashini isiyongoja jibu lake. Wa miaka mitatu hupimwa kwa mchezo: kila asikiapo sauti hutia punje ya mahindi katika kopo. Usingoje afikie miaka sita ukitumaini atasema mwenyewe.

Na ikiwa karatasi yaonyesha uziwi kamili katika masikio yote mawili, mtoto huyo hajapotea. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka 11. Alisoma, akawa mhubiri wa Injili, na tangu mwaka 1957 alianzisha shule za viziwi zaidi ya 30 katika Afrika, na Kongo ikiwamo. Alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Alifundisha kwa lugha ya mikono. Wazazi wengine hukataa lugha hiyo wakisema ni aibu. Lakini someni Marko sura ya 7. Bwana Yesu alimtenga yule kiziwi na makutano, akamgusa masikio na ulimi. Alisema naye kwa mikono kabla ya kusema kwa kinywa. Na Walawi sura ya 19 yakataza kumlaani kiziwi.

Uliza katika ofisi ya kanisa lako au ya zoni ya afya mahali palipo shule ya viziwi, hata ikiwa ni mbali. Nyumbani, anzeni ishara zenu wenyewe leo: chakula, maji, njoo, hatari, kimbia. Mbili za mwisho na ajifunze kila mtu wa nyumba.

Kuitunza karatasi

Itie ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo, mahali pa kushikika upesi kama mnaondoka usiku. Daktari wa pili akiiona ataweza kulinganisha, na kulinganisha ndiko kunakoonyesha kama uziwi umesimama au unaendelea.

Hili lawahusu hasa wanaopigwa sindano kwa ajili ya kifua kikuu, au jentamisini kwa siku nyingi, maana dawa za ukoo huo huweza kuua vijinywele, tena kwanza zile za sauti nyembamba, kabla mgonjwa hajatambua lolote. Ndiyo sababu mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri sindano za kanamisini zisitumiwe tena kwa kifua kikuu sugu. Kinini ni habari nyingine. Mvumo na uziwi wake kwa kawaida huisha dawa ikiisha, na tangu mwaka 2011 artesunate ndiyo sindano inayotangulizwa kwa malaria kali, kwa wakubwa na watoto. Usiache dawa ya kifua kikuu kwa hofu. Omba kupimwa kabla ya sindano ya kwanza, na tena kila mwezi, na weka karatasi zote pamoja. Tofauti ya desibeli 5 si kitu. Hata mtu mzima hutofautiana hivyo leo na kesho. Lakini alama zikishuka kwa 10 au zaidi katika sauti mbili zilizo jirani, au sikio likianza kuvuma, mwambie mwuguzi siku iyo hiyo, kabla hajakupiga sindano nyingine.